Video yako ikiibwa mtandaoni na mwizi yuko ng'ambo: la kufanya ukiwa Dodoma

Usimwandikie bado. Hilo ndilo neno la kwanza ninalomwambia kila anayeingia studio kwetu Majengo na simu mkononi, akinionyesha picha au wimbo wake kwenye ukurasa wa mtu wa nchi nyingine. Ukimwandikia kwa hasira atafuta, atakuzuia usimwone tena, na wewe utabaki na malalamiko matupu. Shika ushahidi kwanza.

Kulijua hilo kulinigharimu. Niliwahi kurekodi kikundi cha akina mama wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, katika kijiji kimoja upande wa Mvumi, wilaya ya Chamwino. Ilikuwa jioni baada ya mavuno ya uwele, jua linashukia nyuma ya mibuyu, wamezibana ngoma mapajani, na vumbi jekundu linapanda kila miguu ya wachezaji inapogonga chini. Video ya dakika nne. Niliipandisha mtandaoni na jina la kikundi juu yake. Miezi saba baadaye kijana mmoja anayesoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, akanitumia linki. Kampuni ya kuuza safari za kitalii, iliyoko Ulaya, ilikuwa imekata sekunde 26 za video ile na kuzifanya tangazo la kulipia. Nembo yangu ya kona ya chini wameikata. Walichosahau ni ndoo ya njano yenye mfuniko wa buluu niliyoiacha pembeni na betri juu yake: nusu ya ndoo ile ilibaki ndani ya tangazo lao.

Niliwatukana hadharani. Baada ya saa moja tangazo likatoweka na akaunti yangu ikazuiwa. Wiki mbili mbele likarudi kwenye ukurasa mwingine, na mimi sikuwa na picha hata moja ya lile la kwanza. Ninachoandika hapa ni njia niliyoifuata mara ya pili, ile iliyofanya kazi.

Hatua ya 1: Hifadhi ushahidi kabla hujafungua mdomo

Tumia kompyuta kama unaweza kuipata, hata ya kuazima, kwa sababu kwenye simu anwani ya ukurasa mara nyingi hufichwa. Fungua ukurasa wenyewe, uache mwambaa wa anwani uonekane juu, saa na tarehe ya kompyuta zionekane chini, kisha piga picha ya skrini. Piga nyingine ikionyesha jina la akaunti, maelezo waliyoandika, idadi ya watazamaji na tarehe waliyoweka. Halafu irekodi skrini nzima video ikicheza mwanzo hadi mwisho, sauti ikisikika.

Nakili linki ya video yenyewe. Hapa ndipo wengi wanapoangukia, na mimi nilianguka: notisi yangu ya kwanza, yaani barua ya kuutaka mtandao uiondoe video, ilirudishwa kwa sababu niliweka linki ya ukurasa wa kampuni badala ya linki ya video moja. Anayepokea malalamiko hatakutafutia. Kama kazi yako imewekwa mara tano, orodhesha linki tano.

Kama ukurasa uko wazi kwa kila mtu, ipeleke anwani yake kwenye hifadhi ya Internet Archive, ile sehemu inayoitwa Wayback Machine. Inatunza nakala ya ukurasa pamoja na tarehe, bure, na uzuri wake ni kwamba nakala hiyo haipo mikononi mwako, kwa hiyo hakuna atakayesema umeichezea. Kurasa nyingi za mitandao ya kijamii hukataa kuhifadhiwa hivyo, lakini jaribu, ni dakika moja. Kama ni tangazo la kulipia Facebook au Instagram, lipo kwenye Maktaba ya Matangazo ya Meta, ambako mtu yeyote anaweza kutafuta kwa jina la ukurasa. Andika namba ya tangazo. Fanya hivyo siku hiyo hiyo, maana tangazo la kawaida likisimamishwa linaweza kutoweka humo.

Sasa geukia upande wako. Faili asili, lile lililotoka kwenye kamera au simu, ndilo shahidi wako mkuu. Ndani yake kuna tarehe, saa, aina ya kamera, na mara nyingine mahali. Ukilituma kwa WhatsApp kama video ya kawaida linabanwa na taarifa hizo hupotea, kwa hiyo litume kama waraka au lihamishe kwa waya. Weka nakala kwenye fleshi mbili, moja ikae nyumba nyingine. Usifute vipande ulivyoviacha wakati wa kuhariri. Mwizi ana sekunde 26, wewe una dakika 40 za jioni nzima, watu wakijipanga, mbuzi akipita, ndoo ya njano ikihamishwa. Hakuna anayeweza kughushi hayo.

Mwisho, daftari. Andika tarehe, saa, nani aliiona, nani alipiga picha za skrini. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inasema ushahidi wa kielektroniki haukataliwi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Lakini mahakama itauliza ulitengenezwaje, ulitunzwaje, na kama haujaguswa. Aliyepiga picha ya skrini ndiye atakayeulizwa. Kwa hiyo piga mwenyewe, usiokoteze kwenye magrupu.

Hatua ya 2: Jiulize ni kipi hasa kilicho chako

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo haki za watu wa kwetu zinapopotelea, na mara nyingine tunazipoteza sisi wenye kamera.

Habari njema kwanza. Hakimiliki haingoji usajili. Kazi yako ya kubuni ikishatokea na kushikika, iwe picha, video, wimbo uliorekodiwa, shairi lililoandikwa, tayari ina ulinzi chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Tanzania iliingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1994. Mkataba huo, uliotiwa saini mwaka 1886 huko Berne, Uswisi, unaweka mambo mawili ya kushikilia: nchi mwanachama haiwezi kukudai usajili ndipo ikutambue, na inakupa ulinzi ule ule inaompa raia wake. Mpiga picha wa Bahi, kazi yake ikiibwa Ujerumani, ana haki ile ile ya mpiga picha Mjerumani mbele ya sheria ya Ujerumani. Hiyo ni sheria iliyopo, na wengi tunaishi bila kujua kwamba tunayo.

Kusajili COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, bado nakushauri. Cheti chao hakikupi haki usiyokuwa nayo, ila kinakupa karatasi yenye tarehe na mhuri, na mtu wa mbali asiyejua Mvumi iko wapi hulainika akiona karatasi. Kama kazi ni ya Zanzibar, sheria na ofisi ni nyingine kabisa, maana hakimiliki si jambo la Muungano.

Sasa safu za haki. Nilipokuwa najiandaa kupeleka notisi nilirudi kijijini kuwaeleza akina mama. Nilimsalimia mwenyekiti wa kikundi, akanikaribisha kivulini, nikamwekea lile tangazo. Alilitazama mara tatu bila kusema kitu.

"Mwanangu," akasema, "hao wanauza nini kwa sauti zetu?"

"Safari za kitalii, mama. Nataka kuwaandikia kwamba video ni yangu waitoe."

"Video ni yako. Na ngoma je? Na Mama mwimbishaji aliyetunga yale maneno, yumo kwenye barua yako?"

Hakuwamo. Hakuna aliyekuwamo isipokuwa mimi. Nilikuwa nakwenda kulalamika kwamba nimeibiwa, huku nikiandika kana kwamba wale wanawake kumi na wanne walikuwa sehemu ya mandhari, kama mibuyu.

Kwa hiyo kaa chini na kazi yako uitenge tabaka kwa tabaka. Picha zinazotembea na namna zilivyopangwa ni za aliyepiga, au wakati mwingine za aliyemwajiri, kutegemea mkataba. Sauti iliyorekodiwa ina mwenyewe, mara nyingi aliyegharamia kurekodi. Wanaoimba, kucheza na kupiga ngoma wana hakishiriki: utendaji wao hauruhusiwi kurekodiwa na kusambazwa bila idhini yao. Maneno na lahani mpya ni za mtunzi, na haki yake inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Chukua mzee wetu Hukwe Zawose, aliyezifikisha zeze na ilimba, ala za muziki za Wagogo, katika majukwaa ya dunia na kufariki mwaka 2003. Alichokitunga mwenyewe bado kinalindwa kwa sheria ya hapa hadi 2053. Asikudanganye mtu kwamba "ni muziki wa kienyeji, hauna mwenyewe."

Na ule ambao kweli haujulikani mtunzi, ulioshuka kutoka kwa mababu? Huo nao haujaachwa wazi. Sheria yetu ya 1999 ina sehemu yake inayolinda sanaa za jadi dhidi ya kutumiwa kibiashara nje ya mazingira yake bila kibali. Ugumu ni kwamba ulinzi huo una nguvu ndani ya nchi. Nje, majukwaa mengi ya mtandaoni, kama YouTube na Facebook, yanatambua hakimiliki ya mtu au kampuni, hayaitambui ngoma ya kabila. Ndiyo maana rekodi yenyewe, yenye tarehe na majina ya watendaji, inakuwa silaha kubwa kuliko madai ya utamaduni peke yake.

Tulifanya hivi: tukaandika karatasi moja ya Kiswahili, ikasomwa kwa sauti, na kwa Kigogo pia kwa wale walioona afadhali. Ilisema kikundi kinanipa mamlaka ya kudai kwa niaba yake kuhusu video hii, na kwamba fedha yoyote itakayopatikana nusu ni ya kikundi. Waliojua kuandika walisaini, wengine waliweka dole gumba, mtendaji wa kijiji akashuhudia. Karatasi hiyo ilipaswa kuwepo siku ya kurekodi. Tangu hapo siwashi kamera bila karatasi.

Hatua ya 3: Hakikisha kweli umeibiwa

Fupi lakini ya lazima. Je, uliwahi kuiweka video kwa leseni huria? YouTube ina chaguo la leseni ya Creative Commons, na kuna watu hulibonyeza bila kusoma. Kama uliruhusu kila mtu aitumie mradi akutaje, huwezi kugeuka sasa. Je, ni mwandishi wa habari aliyenukuu sekunde chache, mwalimu aliyeionyesha darasani, mhakiki anayeijadili? Sheria yetu inaruhusu nukuu, mafunzo na habari kwa kiasi cha haki, na za wenzetu zina yanayofanana na hayo. Marekani, mama mmoja aliweka video ya sekunde 29 ya mtoto wake akicheza, wimbo ukisikika nyuma, kampuni ya muziki ikaiondoa. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikasema anayelalamika lazima kwanza afikirie kama matumizi yale yalikuwa halali. Kumwondolea mtu kazi yake kwa madai ya uongo kunaweza kukupeleka wewe mahakamani.

Tangazo la kuuza safari halimo katika hayo yote.

Hatua ya 4: Amua unataka nini

Unataka iondolewe, unataka utajwe jina, au unataka ulipwe? Amua kabla ya kutuma chochote, kwa sababu kila moja ina mlango wake na mpangilio wake. Ukianza na kuondoa, umetumia karata yako ya nguvu, na kampuni inaweza kukaa kimya. Ukianza na barua ya malipo, tangazo linaendelea kuwaingizia fedha wakati mnajibizana. Kwa maoni yangu: kama kazi inakudhalilisha au inawaumiza waliomo, iondoe mara moja, fedha baadaye. Kama aliyeiba ni kampuni yenye jina na anwani, peleka barua na ankara, wape siku 14, uwaambie wazi kwamba siku ya 15 notisi inakwenda. Kama ni akaunti isiyo na sura, usipoteze muda na barua.

Kutajwa jina usikudharau. Sheria, yetu na Mkataba wa Berne, zinampa mtunzi haki ya kutambuliwa na ya kuzuia kazi yake isiharibiwe. Kukata nembo na jina la kikundi ni kosa linalojitegemea, liandike.

Hatua ya 5: Chagua mlango

Intaneti haina mipaka lakini sheria zina mipaka. Kosa moja linaweza kugusa nchi tatu: wewe uko Dodoma, aliyeiba yuko Ulaya, na jukwaa ni kampuni ya Marekani. Huna haja ya kuzishika zote. Shika ile yenye mkono mrefu kwa gharama ndogo, nayo karibu kila mara ni jukwaa.

Majukwaa ya Marekani hufuata sheria ya mwaka 1998 inayofahamika kwa kifupi kama DMCA. Inayakinga yasiadhibiwe kwa makosa ya watumiaji wao, kwa sharti kwamba yakipata notisi sahihi yaondoe haraka. Ndiyo sababu fomu ya mtu asiye na wakili, aliyekaa chini ya mwembe Nkuhungu, inasikilizwa: kinga yao iko hatarini. Kwa watumiaji walioko Ulaya kuna sheria yao ya huduma za kidijitali ya mwaka 2022, iliyoanza kufanya kazi kikamilifu tarehe 17 Februari 2024, ambayo inalazimisha kila jukwaa liwe na njia rahisi ya kupokea taarifa na likueleze lilichoamua.

Kama mwizi yuko hapa hapa nchini, una njia ya karibu zaidi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaruhusu kumpelekea mtoa huduma notisi ya kuondoa maudhui, na inafanya kuvunja haki za miliki bunifu kwa kutumia kompyuta kuwa jinai: bila biashara, faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote, kwa biashara, milioni 20 au miaka 5, au vyote. Hizo ni adhabu nzito, na jinai ikishafunguliwa polisi si rahisi kuirudisha mezani kwa mazungumzo. Kwa kijana wa mtaani aliyetumia biti yako, mwite kwanza, mkae na mzee mmoja mnayemheshimu wote.

Hatua ya 6: Andika notisi

Kila jukwaa kubwa lina fomu yake ya hakimiliki. Itafute kwenye kurasa zao za msaada. Usitumie kile kitufe cha kuripoti kilicho chini ya video, kwa kawaida kile ni cha mambo mengine. Fomu nyingi ziko kwa Kiingereza. Andika sentensi fupi, na kama lugha inakusumbua mwombe mtu akusaidie, ila usikubali aongeze maneno ya sheria usiyoyaelewa, kwa sababu sahihi ni yako.

Sheria ya Marekani inataka vitu sita: sahihi, kazi yako ni ipi, iliyoibwa iko wapi, mawasiliano yako, tamko la nia njema, na tamko la ukweli. Yangu ilikuwa hivi:

"Mimi ni mwenye hakimiliki ya video niliyoipiga mwenyewe katika Wilaya ya Chamwino, Mkoa wa Dodoma, Tanzania, na nimepewa mamlaka kwa maandishi na kikundi kilichotumbuiza. Video halisi iko kwenye linki hii. Sehemu yake, kuanzia 1:14 hadi 1:40, imetumika bila ruhusa kwenye linki hii. Nembo na jina la kikundi vimekatwa. Angalieni ndoo ya njano yenye mfuniko wa buluu, kushoto chini, inayoonekana nzima katika video yangu na nusu katika tangazo. Ninaamini kwa nia njema kwamba matumizi haya hayakuruhusiwa na mwenye haki, wakala wake wala sheria. Taarifa hizi ni sahihi, na ninatamka, nikijua adhabu ya kusema uongo chini ya kiapo, kwamba nina mamlaka ya kutoa notisi hii."

Kisha jina kamili, anwani, barua pepe, simu, sahihi.

Jambo moja watu hawaambiwi: mlalamikiwa anaweza kupewa jina na mawasiliano yako, na baadhi ya kampuni hupeleka nakala za notisi kwenye hifadhi ya wazi ambayo watafiti huisoma. Usiweke namba ya nyumba yako. Tumia sanduku la posta na barua pepe ya kazi. Dada mpiga picha mmoja aliniuliza kama aweke ya mumewe. Hapana, weka ya mwenye haki, fungua barua pepe mpya ya kazi tu.

Hatua ya 7: Subiri, na ujue kinachoweza kurudi

Yangu ya pili, yenye linki sahihi, ilichukua siku mbili. Nyingine zimechukua wiki. Jibu mara moja wakiomba maelezo zaidi, kwa utulivu, ukirudia ukweli ule ule.

Mlalamikiwa anaweza kupeleka notisi ya kupinga. Akifanya hivyo, chini ya DMCA jukwaa litakuarifu, na kama hujafungua kesi mahakamani, video inarudishwa ndani ya siku 10 hadi 14 za kazi. Hapo ndipo gharama zinapobadilika, na hapo ndipo ukamwone wakili, si kabla. Kama aliyepinga yuko Marekani, kuna Bodi ya Madai ya Hakimiliki iliyoanza kupokea madai mwaka 2022. Inasikiliza madai yasiyozidi dola 30,000, kwa maandishi na kwa video, ada ya kufungua ni dola 100 kwa awamu mbili. Masharti yake: uwe umeomba usajili wa kazi hiyo katika ofisi ya hakimiliki ya Marekani, na mdaiwa ana siku 60 za kujiondoa, akijiondoa huna ila mahakama. Haiwafikii walioko nje ya Marekani.

Ukishtakiwa wewe

Hutokea pia, hasa kwa kwaya na kwa wanaorekodi ngoma. Mtu mahali fulani ameisajili rekodi ya zamani, mashine ya YouTube inasikia mdundo unaofanana, na mapato ya video yako yanahamia kwake. Usifute video. Pinga dai, eleza kwamba ni rekodi yako mpya, taja tarehe na mahali. Mdai ana siku 30 za kujibu. Asipojibu dai linaanguka. Akilikataa pingamizi lako, unakata rufaa, na hapo ana siku 7. Hilo ni dai la mashine. Onyo la hakimiliki ni jambo jingine zito zaidi: maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kuifuta chaneli nzima. Ukipata moja, acha kupandisha chochote chenye shaka mpaka limalizike.

Kama kilichoibwa ni jina

Mama anayetengeneza mvinyo wa zabibu Hombolo aliniletea chupa ya mtu mwingine yenye jina lake lile lile, inayouzwa mtandaoni. Nilimwambia ukweli: njia yote niliyoieleza haimsaidii. Jina halina hakimiliki, lina alama ya biashara, na alama haizaliwi na wewe kama hakimiliki. Inasajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kwa Tanzania Bara, inadumu miaka 7 kisha inahuishwa kwa miaka 10 kila mara, na nguvu yake inaishia mpakani. Ukitaka kuuza Kenya, sajili Kenya. Picha ya zabibu kwenye lebo yake, aliyoichora mwanawe, hiyo ndiyo ina hakimiliki, na kwa hiyo tukaiandikia notisi. Jina alikwenda kulisajili wiki iliyofuata. Aliyekwisha kusajili na akakuta mtu amechukua anwani ya tovuti yenye jina lake ana utaratibu wa usuluhishi wa kimataifa ulioanza mwaka 1999. Kwa WIPO, shirika la kimataifa la miliki bunifu lililoko Geneva, ada ni dola 1,500 kwa msuluhishi mmoja, kwa hiyo piga hesabu vizuri kwanza.

Fedha

Tangazo lilipoondolewa, nilipeleka barua kwa kampuni ile, kwa anwani iliyo kwenye tovuti yao, na ankara. Niliandika bei ambayo ningewatoza kama wangeomba siku ya kwanza, kwa sekunde 26, kwa nchi walizotangaza, kwa muda waliotumia kwa mujibu wa picha zangu za skrini. Sikuandika vitisho. Niliambatanisha picha mbili zimepangwa bega kwa bega, ndoo nzima na nusu ndoo, na karatasi ya kikundi yenye madole gumba. Nilisubiri wiki tano. Walilipa pungufu ya nilichoomba, na tukaafikiana.

Nilipeleka nusu Mvumi mwenyewe, taslimu, pamoja na stakabadhi, tukaihesabu mbele ya kikundi chote. Mwenyekiti aliniomba pia nakala ya dakika zote 40. Nilimpelekea kwenye fleshi. Ameiweka ndani ya kopo la maziwa ya unga, mfuniko umezungushiwa plastiki kuzuia vumbi, pamoja na ile karatasi.